Steshenari ya Mwenge yenye vibunda vya kila mhadhiri

Duka lenyewe ni chumba kimoja tu, hatua chache kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam. Lina mashine mbili za kutoa kopi, kompyuta moja, na rafu zilizojaa mafaili ya boksi hadi darini. Kila boksi limeandikwa jina la somo na herufi za kwanza za jina la mhadhiri. Wahadhiri huacha pale nakala mama ya kibunda cha muhula, yaani mkusanyo wa maandishi ya kusoma, nasi wanafunzi tunakwenda kutoa kopi. Ukurasa ni shilingi 50. Ukitaka spairo na kava unaongeza 3,000.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, jioni nasoma shahada ya pili. Darasani kwetu kuna ugomvi usiokwisha juu ya wahadhiri wawili wanaopokezana somo la maendeleo. Mmoja anaitwa mjamaa, mwingine mtu wa Benki ya Dunia. Muhula uliopita nilikuwa kwa mjamaa. Niliandika insha kwamba ubinafsishaji wa mashirika ya umma ulikuwa na sababu zake. Ikarudi na alama 9 kati ya 20, na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Hoja kibaraka." Sikuonyeshwa nimekosea wapi. Iliniuma sana, maana mimi mwenyewe husahihisha madaftari, na najua alama isiyo na maelezo humfundisha mtoto kuandika kile mwalimu anachopenda kusikia. Insha iliyofuata niliandika alichopenda, nikapata 16. Hiyo 16 iliniuma kuliko ile 9.

Basi mwezi uliopita nikaingia dukani.

"Shikamoo mzee. Naomba kibunda cha maendeleo."

"Marahaba, mwalimu. Cha nani?"

Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuchagua. Nikamwambia anitolee vyote viwili, nikakaa kwenye benchi lake kuvilinganisha. Cha mjamaa kina kurasa 186: Azimio la Arusha, na maandishi ya wasomi wa mrengo wa kushoto, Walter Rodney na Issa Shivji. Ni maandishi mazito na yanastahili kusomwa, lakini sikukuta hata ukurasa mmoja wa mtu anayeuliza watu walihamishiwaje vijijini miaka ya 1970. Cha mwenzake kina kurasa 140 za soko na uwekezaji, na Azimio limepewa aya moja tu, kama kesi iliyokwisha hukumiwa. Kwangu hawa wawili wana kosa lilelile. Mhadhiri kuwa na msimamo si tatizo, nani hana? Tatizo ni kumficha mwanafunzi asijue kwamba mtu mwingine mwenye akili timamu aliona vingine.

Mzee aliponiona nimezama akaniteremshia boksi la juu kabisa, lenye vumbi. Ni kibunda cha mhadhiri aliyestaafu zamani, juu ya historia ya Mlimani yenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinaanza mwaka 1961, chuo kikiwa na wanafunzi wachache tu wa sheria kwenye jengo la TANU, chama tawala cha wakati ule, mtaa wa Lumumba. Kisha kinafika Desemba 1969: kuna mada ya Rodney, aliyekuwa akifundisha historia hapo, juu ya mapinduzi ya Afrika, na ubavuni mwake tahariri ya The Nationalist, gazeti la TANU, ikimkemea kwa mada hiyohiyo. Nilisoma mara mbili. Nchi ilikuwa na Azimio tangu 1967, na bado mhadhiri wa mrengo wa kushoto alikemewa na gazeti la chama kinachohubiri ujamaa! Hakunyamaza, akaendelea kufundisha hapo hadi 1974. Wanafunzi hawakupona kirahisi hivyo: mwaka 1970 chama chao cha kimapinduzi, USARF, na jarida lao la Cheche vilipigwa marufuku. Mwaka huohuo Rodney alipanda jukwaani Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kubishana na Ali Mazrui, profesa wa siasa wa pale, ambaye alikuwa na mtazamo tofauti kabisa na wake. Kibunda kina maandishi ya wote wawili, na aliyekikusanya hakuandika pembeni nani alishinda. Ningetamani sana kujua msimamo wake. Kurasa zote zile hazikunionyesha.

Sasa kuhusu duka. Mashine ya kushoto wino wake unafifia, omba ya kulia. Kibunda cha kurasa 186 kiliruka ukurasa wa 61, nilikuja kugundua nyumbani. Niliporudi mzee aliutoa bure na kuomba radhi. Ijumaa jioni foleni inafika nje, nenda Jumamosi asubuhi. Hakuna mahali pa kukaa zaidi ya lile benchi, ila hakuna anayekufukuza, na mzee anakuruhusu kufungua boksi lolote kabla ya kulipa. Nampa nyota nne kati ya tano.

Nilimwomba avibaindi vibunda vyote vitatu pamoja. Spairo kubwa kiasi hicho hakuwa nayo, akamtuma kijana Kariakoo. Nilipokwenda kuchukua Jumatatu aliniuliza kwenye kava aandike herufi za mhadhiri gani. Nikamwambia aandike jina la somo tu.