OONI Probe: inafaa kujua kama neti inabanwa makusudi?

Tovuti ikifungwa kabisa kila mtu anajua. Ikibanwa spidi ndo balaa, kiduara kinazunguka, picha inafunguka nusu, unalaumu simu, unazima data unawasha, na serikali imekaa kimya zake maana hamna wa kuithibitishia kitu.

OONI Probe ni app ya bure, ilianzia kwenye Tor Project (wale wa kivinjari cha Tor kinachoficha nyayo zako mtandaoni) mwaka 2012, inapima kama tovuti, WhatsApp, Telegram na Signal zinafunguka kisha matokeo yanawekwa hadharani. Kwa kukamata tovuti zilizofungwa naipa tano kwa tano.

Kwenye kubana spidi sasa, hapo nabana pua kidogo. Kile kipimo chake cha spidi, NDT, kinapima njia ya kutoka kwako mpaka seva ya M-Lab, mradi wa kupima neti, sio mpaka kwenye tovuti inayosuasua, na wabanaji wa siku hizi hawahangaiki na neti nzima, wanachungulia jina la tovuti pale simu inapoomba kuunganishwa, wakiliona wanakaba hiyo hiyo tu. Urusi Machi 2021 waliikaba Twitter ikawa inapita kama kilobiti 130 mpaka 150 kwa sekunde, ukipima spidi ya jumla unaona mambo safi kabisa. (Halafu walitega herufi t.co, anwani ya viungo vifupi vya Twitter, basi hadi microsoft.com ikanaswa, hebu isome taratibu utaziona humo ndani, nilicheka sana.)

Kwa hiyo mimi NDT naitumia kama kianzio tu. Ikitoka vizuri na tovuti moja bado inajikokota, naifungua hiyo tovuti na VPN (inayoficha jina la tovuti unayofungua na kukupitisha njia nyingine) na bila VPN, mchana na usiku wa manane, kwa laini mbili tofauti. VPN kawaida inapunguza spidi, sasa ikiwa ndo inaongeza, ujue kuna mkono wa mtu au angalau njia ya kampuni yako imejaa. Msongamano lakini hupungua watu wakilala, ukikuta spidi imeganda palepale saa tisa usiku, mimi hapo sina swali tena.

Angalizo, vipimo vya spidi na video vinakula bando, na anayefuatilia laini yako anaweza kuona unapima, kwa hiyo jua uko wapi kwanza.

Nyota nne. Wakiweka kitufe cha kulinganisha tovuti mbili ubavu kwa ubavu naongeza ya tano.