Dawa ya kichocho skuli: kidonge sina ugomvi nacho, ugomvi wangu ni lile jawabu

Limetokea mwaka jana, Ramadhani ilikuwa haijaingia bado, na mpaka leo nikilikumbuka mikono inanitetemeka. Skuli siitaji na mtu simtaji. Walio huku Pemba upande wa mabonde ya mpunga watajua nasema nini.

Mimi ni mtetezi wa dawa hizi, nataka lijulikane hilo kwanza. Nimekua nikiona kaka zangu wanakojoa damu na watu wazima wanasema mwache, huyo anabaleghe. Hakuna aliyeshtuka. Kumbe ni minyoo ya kichocho, imo mwilini miaka, na mayai yake ndiyo yanayochana kibofu. Na kwa wanawake inakwenda mpaka kwenye uzazi, jambo ambalo mimi nimelijua ukubwani, tena kwa kuuliza. Kwa hiyo dawa ilipoanza kumfuata mtoto darasani, bure, bila ya foleni ya hospitali, nilishukuru kwa moyo wangu wote. Jirani yangu alikuwa hataki kabisa. Kasikia kuwa ni dawa za kuwafunga uzazi watoto wa kike. Nilikaa naye barazani jioni tatu nzima, namueleza, mpaka akakubali bintiye ameze. Jioni tatu. Mtu wa dawa hakuja hata moja.

Sasa siku yenyewe. Mwanangu wa darasa la tatu alikuja jana yake usiku akasema, "Mama, kesho dawa." Hapana karatasi, hapana ujumbe, hapana neno la kula wala kutokula. Asubuhi alichelewa, akatoka na kikombe cha chai ya rangi tu, nami nikajua kwamba watapewa kitu cha kula skuli, kwani mara iliyopita walipewa uji. Safari hii uji haukuwapo. Kwa nini haukuwapo sijaambiwa hadi leo.

Vidonge vile wanaovijua wanavijua: vikubwa, vyeupe, vichungu hasa kikikaa ulimini kidogo. Mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia kimo, na alama ya fimbo ndiyo inayosema ameze kimoja, kimoja na nusu, viwili au zaidi. Mwanangu alifika kwenye viwili, na juu yake kile cha minyoo ya tumbo cha kutafuna. Tumboni mna chai tu.

Niliitwa na mtoto wa jirani mbio. Nilimkuta chini ya mwembe, shati jeupe limelowa kifuani, na kwenye matapishi nikaona kipande cha kidonge kimelainika pembeni lakini katikati bado kigumu. Kipande hicho ndicho kilichoniuliza swali, si mimi. Nikakiokota kwa jani nikaenda nacho mpaka mezani.

Yule bwana wa dawa alikuwa anaandika. Nikamwamkia. Nikamwambia, "Samahani mwanangu katapika sasa hivi, na kidonge hiki hapa. Dawa itahesabiwa kuwa imeingia, au haikuingia? Nifanye nini?" Ndilo lote nililosema, wallahi, na kwa sauti ya chini.

Hakunitazama. Akasema, "Nyinyi kina mama wa huku mtoto akitapika kidogo tu mshaanza maneno ya dawa za uzazi. Kama huitaki, kesho usimlete."

Mbele ya walimu. Mbele ya foleni ya watoto. Na jirani yangu yule yule wa jioni tatu amesimama nyuma yangu kamshika bintiye mkono, na kasikia kila neno. Alimgeuza mwanawe akaondoka naye kabla hajapimwa.

Sikujibu kitu. Na hili linaniuma zaidi kuliko alichokisema yeye.

Kwa haki niseme: kuna mwalimu wa kike, mtu mzima, ndiye anayeshika mambo ya afya pale skuli. Yeye alimtia mtoto maji ya sukari, akamlaza kwenye jamvi ofisini, akamkalia mpaka kizunguzungu kikatulia. Aliniambia kuumwa na tumbo, kichwa na kutapika ni mambo yanayotokea na hupita, hasa kwa mtoto aliyemeza bila ya kula. Kwa ajili ya mwalimu yule tu, usiku ule nilisema basi, nimesamehe, huduma ni nzuri, mtu mmoja asiniharibie. Nilikuwa tayari kuisifu.

Lakini baada ya wiki kadhaa nikampeleka kituo cha afya, kwa sababu swali langu lilikuwa halijajibiwa na mimi silali na swali. Akapimwa mkojo. Mayai yamo. Dada wa pale akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nilikuwa na haki ya kuuliza, kwani dawa ikirudi mapema namna ile huenda haikupata muda wa kufanya kazi, na ilipasa iandikwe ili mtoto afuatiliwe. Akanambia pia kwamba dawa hii inaua minyoo mikubwa, ile michanga inaweza kubaki, na mtoto akirudi kuoga mtoni anapata upya. Kwa hiyo kumeza mara moja si kumaliza. Maneno ya dakika tano, kayasema huku anaandika kadi ya mtu mwengine. Ina maana yule bwana hakukosa wakati.

Akampa dozi pale pale, ila kwanza akanirudisha nyumbani nikamlishe. Alikula muhogo wa nazi akashiba. Akameza kwa maji mengi bila ya kutafuna. Haikurudi.

Basi yale ya kusamehe nayafuta. Wiki kadhaa mwanangu alikuwa na mayai ya kichocho katika kibofu na mimi nikiambiwa nina maneno. Na binti wa jirani mpaka leo hajameza. Nimekwenda tena barazani kwake, mara hii ananisikiliza kwa adabu tu, macho yako kwengine. Akaniambia, "Mama, wewe mwenyewe ulimuuliza akakutukana. Mimi asiyejua kitu ataniambia nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Dawa nasema imezwe, na wanangu watameza kila ikija. Mkiletewa habari ya "kesho dawa," mlisheni mtoto ashibe, uji, muhogo, ndizi, chochote kizito, msingoje cha skuli. Akitapika, muda aliomeza dawa mkumbuke na muuseme, wakikujibuni vibaya liandikeni nyumbani mwende kituoni. Huduma yenyewe sijui niiweke wapi. Mwalimu na yule dada ningewapa kila sifa. Mtu wa mezani simpi kitu.

Ikija awamu nyengine nitakwenda naye, na chakula chake mkononi, na nitasimama pale pale mbele ya meza. Swali langu nitaliuliza tena, na mara hii jirani nitamuomba asimame pembeni yangu, si nyuma.