Wakala aliyetuuzia tiketi za siku ambayo hifadhi haifunguliwi

Hifadhi ya Taifa ya Manuel Antonio, kule Kosta Rika, hufungwa kila Jumanne. Si siri. Imeandikwa kwenye tovuti ya SINAC, ndio wasimamizi wa hifadhi za nchi ile, na hata wauza madafu walio nje ya geti wanajua. Asiyejua ni wakala wa safari wa hapa Houston niliyemlipa atupangie safari mimi, mume wangu na dada yangu. Kwenye ratiba yetu aliandika kwa herufi nene: Jumanne, Manuel Antonio, tiketi zimelipwa.

Zimelipiwa wapi? Tiketi za hifadhi ile haziuzwi getini. Unanunua mtandaoni, unachagua siku na saa ya kuingia, unajaza jina na namba ya pasipoti ya kila mtu. Jumanne haiuzwi kabisa. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kununua tiketi ya Jumanne hata akitaka, na mimi ninayo ankara inayosema alinunua tatu. Bei ni kama dola 18 kwa mgeni mmoja, si pesa ya kumfilisi mtu. Lakini huo ni uongo ulioandikwa na kupigwa muhuri, kisha ukatumwa kwangu na ujumbe wa "safari njema".

Mlinzi wa getini alikuwa mpole. Alituonyesha ubao, akatuambia polepole kwa Kihispania turudi Jumatano. Jumatano tulikuwa tumeshapangiwa kuondoka asubuhi kwenda La Fortuna. Mvua inamwagika, dada yangu ana goti bovu, ameshika mwavuli wa hoteli. Nikampigia wakala pale pale. Alipokea, namshukuru kwa hilo, maana baadaye hakupokea tena. Akaniambia: "Mama, mbona unahamaki kwa ajili ya nyani? Si mmewaona hotelini?"

Hivyo ndivyo anavyomjibu mteja aliyemlipa pesa yote kabla ya safari.

Kijana huyu namjua. Huja kwenye harusi zetu na vikao vya chama akigawa kadi, anasema wageni wanatula pesa bora tupeane biashara wenyewe kwa wenyewe. Nilikubali maneno hayo na bado nayakubali. Ndiyo maana yananiuma.

Jambo lenyewe lakini lilianza zamani kidogo, wakati wa kupanga. Tangu siku ya kwanza nilimwambia nataka kwenda Limón, upande wa Karibi. Nilimweleza kwa nini. Reli ya kutoka San José hadi Limón, iliyomalizika mwaka 1890, ilijengwa kwa jasho la watu wengi walioletwa kutoka Jamaika, na waliobaki wakaingia kwenye mashamba ya ndizi. Marcus Garvey mwenyewe, yule Mjamaika mtetezi wa watu weusi, alifanya kazi huko karibu na mwaka 1910, kabla dunia haijamjua. Wajukuu wa watu wale wapo mpaka leo, na ni Katiba ya 1949 iliyowafungulia uraia kamili wa nchi waliyozaliwa. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia ndani ya hadithi za reli na watu walioletwa kuijenga. Nilitaka kuona.

Alinijibu hivi, na mume wangu alisikia kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika: "Mama, umetoka Afrika, sasa unakwenda kutafuta Afrika nyingine? Huko hakuna kitu. Watalii hawaendi."

Kisha akatupangia Pasifiki yote, mwezi wa Oktoba. Nilimuuliza kuhusu mvua, akasema nchi ni ndogo, mvua ni ile ile. Si kweli! Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mvua kubwa kabisa upande wa Pasifiki na bonde la kati, na ni miezi hiyo hiyo ambayo Cahuita na Puerto Viejo, mkoani Limón upande wa Karibi, hupata jua na bahari iliyotulia. Anayeuza safari za Kosta Rika na halijui hili anauza nini? Tulikaa Quepos, mji ulio karibu na Manuel Antonio, tukitazama maji yakishuka kwenye mabati tangu mchana mpaka usiku.

Nitende haki. Dereva aliyetutafutia, yule aliyetuchukua uwanja wa ndege wa San José akatupeleka hadi Quepos na baadaye La Fortuna, alikuwa mtu wa heshima sana. Alijua wapi barabara imeporomoka na wapi pa kungoja, alisimama kila dada yangu alipotaka kunyoosha mguu, na hakuomba kitu. La Fortuna nayo ni pazuri, maji ya moto yanayotoka chini ya mlima Arenal yalimsaidia dada yangu kuliko dawa zake. Kwa sehemu hiyo nilikuwa nimeamua kumpa wakala nyota tatu.

Halafu kutoka La Fortuna alitaka twende Guanacaste, Pasifiki tena, mvua tena. Mume wangu akasema basi. Tukaiacha hoteli ile na malipo yake, tukapata gari la watalii linalopitia Guápiles, tukashuka Cahuita jioni. Jua lilikuwa linawaka. Hifadhi ya Cahuita, ukiingilia mlango wa kijijini, unatoa mchango wowote ulio nao, hakuna wakala hapo wa kukuandikia uongo. Tuliona perezoso, yule mnyama wa polepole anayening'inia mitini, kabla hatujafika mbali. Na kwa mama mmoja mpishi tulikula wali na maharagwe uliopikwa kwa tui la nazi, pilipili nzima imewekwa juu ya sufuria isipasuke, vile vile anavyofanya mama yetu. Dada yangu alilia mezani. Yule mama akamshika mkono, akatuuliza tumetoka wapi, tulipomjibu akaita watoto wake waje watusalimie.

Hapo ndipo "hakuna kitu".

Kwa hiyo nyota tatu nimezifuta. Nilifikiria mbili kwa ajili ya dereva, lakini yeye alilipwa na sisi, si na wakala, kwa hiyo sifa zake ni zake. Nabakiza moja kwa sababu mfumo haunikubalii kuweka sifuri. Tangu turudi nimemwandikia mara kwa mara nikimtaka anionyeshe hizo tiketi tatu za Jumanne. Husoma, hajibu. Nasikia ameanza kuwachangisha watu kwa safari nyingine ya Oktoba, pwani ile ile ya Pasifiki. Mliokwisha kutoa pesa, mwambieni awaonyeshe tiketi zenye majina yenu na namba za pasipoti zenu kabla hamjapanda ndege. Pesa zangu abaki nazo akitaka. Ninachodai kwake ni kuniomba radhi kwa lile neno alilolisema juu ya Limón, na aombe mbele ya chama, pale pale alipotugawia kadi.