Laax: anzia kwenye sponji, theluji itakusubiri

Nimeanza skii na miaka 34, mtoto wa Likoni, barafu nikiijua ya kwenye glasi ya ukwaju tu. Anayetaka maoni ya bingwa asisumbuke hapa. Naandikia walioko Zürich, Basel au kusini mwa Ujerumani, wanaoshuka mlima bila tabu na sasa wanawashwa kuruka.

Laax ni kituo cha skii katika jimbo la Graubünden, Uswisi. Mnashuka treni Chur, mnapanda basi la njano la posta. Kutoka Murschetg, kituo cha chini, gari la kebo linawapandisha kilele cha Crap Sogn Gion, mita 2,228. Wajuao Kiingereza hulicheka jina hilo, kumbe kwa Kiromanshi cha wenyeji ni Jiwe la Mtakatifu Yohana.

Lakini siku ya kwanza msipande. Bondeni kuna Freestyle Academy, ukumbi uliofunguliwa 2010, wenye trampolini, rampu na shimo la sponji. Kuruka ni rahisi, kutoka shimoni ndiyo kazi: kila unapokanyaga panabonyea. Nilitambaa kama kaa wa matopeni, huku kitoto cha miaka kama tisa kikinisubiri, mikono kiunoni. Nilirudia mpaka mwili ukazoea kwamba kuwa hewani si kufa.

Mlimani anzeni na rampu ndogo na masanduku ya chini, yale ya kuteleza juu yake. Kosa langu, na ni la wengi, ni kufunga breki karibu na rampu. Ukikosa kasi huvuki ile sehemu bapa iliyo kati ya rampu na mteremko wa kutulia, unatua juu yake badala ya kwenye mteremko, na magoti yanabeba kila kitu. Mimi nilibeba kwa makalio. Wiki mbili nililalia tumbo.

Halafu skii zenyewe. Duka moja mjini kwetu lilinikodisha za mkia bapa. Dai zilizopinda juu mbele na nyuma, la sivyo ukitua kinyumenyume mkia unachimba theluji.

Hafupaipu ni habari nyingine: mfereji wa theluji wa mita 200, kuta karibu mita 7. Sikuingia, sina wazimu. Nilisimama ukingoni nikisikiliza: kwaruu, chuma kikikwaruza barafu kama kijiko kwenye ukoko wa wali, kisha kimya, mtu yuko hewani, kisha kwaruu upande wa pili. Ningelipa kiingilio kusikiliza tu. Januari, mashindano ya LAAX Open yakifika, mabingwa ndio wenye uwanja.

Theluji isiyoshindiliwa, nje ya njia, nimeionja mara moja, na kiongozi. Kila mmoja alivaa kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, akabeba koleo na fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta. Taarifa ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, kuhusu maporomoko ya theluji hutoka saa 11 jioni. Isomeni kabla ya kujadili chochote.

Chakula cha juu kina bei ya Uswisi. Mimi hubeba chapati.