Zoezi la Blanketi: linafaa Uganda, ila msikate muda wa duara

Ukitafuta warsha ya historia ya watu wa asili ambayo washiriki hawatasinzia baada ya chakula cha mchana, Zoezi la Blanketi ni miongoni mwa zana bora zilizopo, na vifaa vyake ni rahisi mno. Lilibuniwa Kanada mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya Tume ya Kifalme kuhusu Watu wa Asili kutoa ripoti ya majuzuu matano ambayo mwananchi wa kawaida asingeisoma kamwe. Wengi wanalijua kwa jina la KAIROS, shirika la pamoja la makanisa ya huko. Kwa matumizi ya hapa Uganda tunalipatia alama nzuri kwa sharti moja: mazungumzo ya duara yanayofuata mablanketi yakishakunjwa yasiguswe. Hapo ndipo waandaaji huharibu.

Kwa asiyelijua: viti vinaondolewa katikati ya ukumbi, mablanketi yanatandikwa chini yakigusana. Hiyo ndiyo nchi kabla ya wageni. Washiriki wanavua viatu, wanasimama juu yake, wanatembea, wanasalimiana, wanabadilishana vitu vidogo walivyopewa mlangoni. Msimulizi anasoma historia kwa mpangilio wa miaka. Mwezeshaji mwingine anaigiza Mzungu aliyefika kwa meli, kwanza kwa mikono miwili na tabasamu, baadaye na karatasi za sheria. Kila tukio likisomwa, blanketi fulani linakunjwa au kuondolewa, na haruhusiwi mtu kukanyaga sakafu tupu. Washiriki wana kadi za rangi, na msimulizi anapotaja ndui, njaa au vita, wenye rangi fulani wanatoka. Wengine wana vikaratasi vyenye maneno ya kusoma kwa sauti. Watoto wa shule za bweni wanatengwa kwenye blanketi la peke yake, wazazi wakitazama.

Matukio yenyewe ni ya Kanada. Kuna tangazo la mfalme wa Uingereza la 1763 lililokiri kwamba wenyeji wana haki juu ya ardhi yao. Kuna sheria ya 1876 iliyowaweka chini ya usimamizi wa serikali kama watoto, marufuku ya sherehe zao kuanzia 1884, na shule za bweni zilizochukua watoto wapatao 150,000 hadi za mwisho zilipofungwa miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimaliza kazi mwaka 2015 ikiwa na miito 94 ya kuchukua hatua, na hati ya zoezi, yaani maandishi anayosoma msimulizi, hufika mpaka huko.

Nguvu yake iko kwenye miguu. Dakika kama ya hamsini, yule aliyekuwa akitembea huku na huko na kucheka amebaki kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mguu mmoja uko juu ya mwingine, vidole vimekunjwa ndani visiguse simiti, mkono umeshika bega la jirani ambaye naye anayumba. Hana pa kwenda, na anaona wazi nafasi kubwa iliyo tupu mita mbili kutoka alipo. Hakuna slaidi inayoeleza kunyang'anywa ardhi namna hiyo.

Sasa la Uganda. Kosa la kwanza ni kuchukua hati ya Kanada na kubadilisha majina. Hati ile ilitungwa pamoja na wazee wa huko, na kawaida huendeshwa na wawezeshaji waliofunzwa kwa kazi hiyo. Mnaotaka kufundisha historia ya Kanada chuoni Makerere au Mbarara, tafuteni wenye idhini. Mnaotaka kufundisha ya hapa, chukueni umbo tu, hati muitunge upya pamoja na wenye historia.

Na historia ya hapa haikosi tarehe. Kwa Batwa, watu wa asili wa misitu ya kusini-magharibi katika wilaya za Kisoro, Kanungu na Rubanda, hati inaweza kuanzia msituni: asali, mitego, dawa, mapango. Blanketi la kwanza likunjwe miaka ya 1930, wakoloni walipotangaza sehemu za msitu kuwa mali ya Taji la Uingereza na hifadhi ya gorila. Mengine yafuate wakulima wanapozidi kufyeka misitu ya pembezoni. La mwisho likunjwe 1991, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa na Batwa wakatolewa moja kwa moja. Hapo pana jambo moja ambalo hati yoyote nzuri lazima ilibebe: fidia ilihesabiwa kwa mashamba na nyumba. Mkulima aliyekuwa amelima ndani ya msitu alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mtwa aliyeishi bila kufyeka hakuwa na mazao ya kuhesabiwa, basi wengi walitoka mikono mitupu. Igizeni hilo waziwazi, karani na daftari lake, kila mtu aulizwe "Umelima nini?" Ukumbi hunyamaza. Kisha 1994, Bwindi inaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba inakubali kwamba Batwa waliondolewa bila fidia ya kutosha na wakaachwa pembezoni.

Kwa warsha ya Sebei, mashariki mwa nchi, historia ya Benet, watu wa asili wa Mlima Elgon, inakaa vizuri vilevile: mgao wa ardhi wa 1983, hifadhi ya taifa ya 1993, hukumu ya maafikiano ya Mahakama Kuu mwaka 2005. Msichanganye zote mbili kwenye kikao kimoja. Hati inakuwa orodha, na orodha haimgusi mtu.

Ugumu wa kweli wa kulihamisha zoezi hili ni huu. Kanada mhusika mkuu ni Mzungu aliyevuka bahari, na washiriki wengi ni wazao wake, kwa hiyo mstari uko wazi. Hapa Nyongeza ya Tatu ya Katiba ya 1995 inaorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na Mkiga, Mfumbira, Muganda na Mtwa wote wamo. Kisheria wote ni wenyeji. Kwa hiyo aliyekunja blanketi si Mwingereza peke yake. Yumo ofisa misitu wa kikoloni, yumo jirani mkulima, imo serikali baada ya uhuru, yamo mashirika ya kutunza wanyama yenye nia njema, na mtalii anayelipa mamia ya dola kuona gorila. Wengine kati ya hawa wameketi ukumbini. Mwezeshaji asiyejiandaa atakimbilia kumlaumu mkoloni kwa kila kitu kwa sababu hayupo kujitetea, na washiriki watafurahi, na warsha itakuwa imepita bure. Gawanyeni nafasi hizo kwa washiriki watano tofauti, kila mmoja akunje lake, wala msimpe mfanyakazi halisi wa hifadhi nafasi ya askari wa wanyamapori. Akiigiza vibaya ataonekana anadhihaki, akiigiza vizuri kuna mtu atatoka nje akilia.

Tahadhari nyingine inayosahaulika: kama Batwa wamo ukumbini, wasipangwe kama waigizaji wa kufukuzwa kwao wenyewe. Wawe wasimulizi, waongozaji wa duara la mwisho, au watazamaji wenye haki ya kusimamisha zoezi wakati wowote. Waambiwe hivyo siku kadhaa kabla, si mlangoni.

Vifaa. Kwa watu 30 mnahitaji mablanketi 15 hadi 18 ya ukubwa wa kitanda kimoja. Ya mitumba kutoka soko la Owino, Kampala, yanatosha, ila yafueni na kuyaanika vizuri, maana watu watakuwa miguu mitupu na wengine watakaa juu yake. Chagueni yenye uzito. Yale mepesi ya manyoya laini huteleza kwenye vigae, na mtu mzima akianguka zoezi limekwisha. Kuna wanaopendekeza mikeka ili kuleta sura ya kwetu. Wazo zuri, lakini mkeka haukunjiki mara nne, unajiviringisha, na kuukunja ndiyo lugha yote ya zoezi. Leso na vitenge vinakunjika ila ni vyembamba, havionekani kama ardhi. Mkitaka rangi ya nyumbani, tandikeni kitenge juu ya blanketi.

Sakafu iwe angalau mita nane kwa nane, nje ya hapo viti kwa wazee na wasioweza kusimama. Mzee anaweza kushiriki ameketi, blanketi lake likikunjwa chini ya miguu yake, na kwa kweli hilo mara nyingi huwagusa watu kuliko kijana anayeruka kwa mguu mmoja. Turubai la nje la harusi lina kivuli lakini nyasi hazifai: hakuna "sakafu tupu" ya kuogopa. Vikaratasi vya kusoma viandikwe kwa herufi kubwa, sentensi mbili tu kila kimoja, vipewe nambari. Bila nambari msomaji wa 1991 atasoma kabla ya wa 1932, na msimulizi atapotea.

Lugha ndiyo inayokula muda. Hati ya dakika 60 kwa lugha moja inakuwa karibu saa mbili ikitafsiriwa sentensi kwa sentensi. Kwa kundi mchanganyiko la Kisoro, msimulizi asome Kiswahili au Kiingereza kwa aya fupi, mkalimani wa Rufumbira aifuate kwa muhtasari, na vikaratasi visomwe kwa lugha ya msomaji bila kutafsiriwa. Watu wataelewa kwa vitendo. Mkalimani aione hati wiki moja kabla. Aliyeitwa asubuhi ileile kwa sababu "anajua lugha" hupunguza makali ya maneno ili asimuudhi mgeni wa heshima.

Waendeshaji wawe wanne: msimulizi, mwigizaji wa mamlaka, mzee wa jamii husika, na mmoja asiye na kazi jukwaani ambaye anaangalia nani ameinama, nani ametoka. Huyo wa nne ndiye hukatwa kwanza kwenye bajeti, na ndiye asiyetakiwa kukosekana, kwa kuwa zoezi huamsha mambo. Mzee alipwe sawa na mwezeshaji kutoka Kampala. Kumpa nauli na soda huku mwenzake akisaini fomu ya malipo ni kurudia somo lenyewe mbele ya wanafunzi. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ajulishwe mapema, na wilayani pia, kwa sababu neno "ardhi" kwenye barua ya mwaliko huleta maswali.

Ratiba ni kama ifuatavyo: nusu saa ya kufika na kueleza kanuni, saa moja hadi moja na nusu ya mablanketi, mapumziko ya dakika kumi bila hotuba, kisha duara la saa moja na nusu. Tatizo ni kwamba programu inasema saa tatu asubuhi, mgeni rasmi anafika saa tano, anataka kuhutubia, na chakula kiko tayari saa saba. Kinachokatwa ni duara kila mara. Matokeo yake watu wanapanda boda wakiwa na hasira na hatia ambayo hawajapata pa kuiweka, na kesho yake kijijini maneno yanakuwa makali kuliko kabla ya warsha. Dawa ni mbili. Mgeni rasmi afunge, asifungue, na ashiriki pekupeku kama wengine, au asialikwe. Chakula kipikwe cha saa tisa, chai nzito na chapati zitolewe mapema. Mkibanwa kabisa, punguzeni matukio kwenye hati hadi sita. Duara libaki.

Duara lenyewe lina kanuni chache. Viti bila meza, kitu kimoja cha kushika mkononi (Kanada wengi hutumia unyoya au jiwe, hapa kibuyu kidogo kinatosha), anayekishika ndiye anayesema, asiyetaka kusema anapitisha. Hakuna kujibu hoja ya mwenzake. Mwezeshaji asifanye muhtasari wala kuandika kwenye chati ya ukutani, kwa kuwa kalamu ikitokea tu, watu wanarudi kwenye lugha ya miradi: "changamoto", "wadau", "njia ya kusonga mbele". Mzunguko wa kwanza huwa wa adabu. Wa pili ndio wenye ukweli, na ndiyo sababu saa nzima haitoshi kwa watu 30.

Kuhusu maridhiano, matarajio yawe madogo. Zoezi linafundisha, halirudishi hata mita moja ya msitu, na mwezeshaji anayewaomba Batwa wasamehe mwishoni mwa kikao anastahili kunyang'anywa kipaza sauti. Hatua inayofaa ni kitu kinachoweza kufuatiliwa: shule kukubali somo moja, kanisa kupima kiwanja, halmashauri kusikiliza ombi kwa tarehe iliyotajwa.

Mawili ya mwisho kwa mwandaaji. Picha zisipigwe wakati wa zoezi wala duara. Mfadhili akidai ushahidi, piga blanketi zilizotandikwa kabla watu hawajaingia. Na baridi ya Kisoro isiwashawishi kugawa yale mablanketi kama zawadi kwa Batwa waliohudhuria. Yamekuwa ardhi iliyochukuliwa kwa saa mbili, na kumkabidhi mtu kipande chake huku mkitabasamu ni vibaya kuliko kutompa kitu. Kama mna bajeti ya blanketi, nunueni mapya, yapelekwe siku nyingine.

Kwa kundi chini ya watu 15 hatulipendekezi, sakafu huwa tupu tangu mwanzo. Zaidi ya 45, gawanyeni vikao viwili. Kwa watoto wa msingi, ondoeni kadi za vifo kabisa na mfupishe hadi dakika 30.