ELAC Debut 2.0 B6.2 kwenye sebule ya vigae: uzoefu wangu

Bajeti yangu ya spika za sebuleni ilikuwa shilingi milioni moja na nusu, amplifaya ikiwemo humo humo. Muuzaji mmoja wa Kariakoo aliposikia kiasi hicho alinivuta moja kwa moja kwenye spika zenye taa zinazobadilika rangi, sabufa ya inchi kumi na mbili, na boksi lililoandikwa wati elfu kumi na tano. "Bosi, hii ukiifungulia hata mtaa wa pili watajua umeingia nyumbani." Nilimshukuru nikaendelea na safari. Sabufa siidharau, nimekulia nayo, na shughuli ya uswahilini bila besi hainogi. Ila mimi naishi ghorofani kwenye zile nyumba za Msajili, Upanga, chini yangu anakaa bibi mwenye presha, na nilichokuwa nakitafuta ni magitaa.

Kwangu hupigwa dansi ya miaka ya sabini na taarabu, pamoja na kisomo cha Qur'ani ambacho mke wangu hukifungulia kila Ijumaa asubuhi. Kwenye dansi ya zamani magitaa husemezana: solo anaanza, rithim anamjibu, na besi anatembea chini yao. Kwenye sabufa niliyokuwa nayo wote hao walikuwa uji mmoja. Mwimbaji unamsikia, kishindo unakisikia, lakini kilichopo kati ya hivyo viwili, ambako ndiko muziki wenyewe uliko, hakipo. Sababu yake inaeleweka. Vile visanduku vidogo vinavyokuja na sabufa vina spika ya inchi tatu hivi, haiwezi kushuka, kwa hiyo sabufa inalazimishwa ipande juu kuziba pengo. Ikipanda inaanza kuguruma ndani ya sauti za wanaume, na mwimbaji anakuwa kama ana mafua.

Hapo kwenye wati nisimame kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Zile elfu kumi na tano ni PMPO, hesabu isiyo na kipimo kinachokubalika. Kila mtengenezaji anaikuza apendavyo. Geuza hiyo sabufa usome kibati cha nyuma, karibu na waya wa umeme, utakuta inakula wati 60, pengine 80. Kitu kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu kumi na tano mbele. Wati za kuulizia ni RMS, yaani zile ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Na kabla ya hizo wati, ulizia spika inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ikipewa wati moja. Hizi ELAC B6.2, ambazo ndizo nilizoishia kuzinunua, zimeandikwa 87, yaani ukizipa kama wati moja hivi, mtu aliye mita moja anapata desibeli 87, na hiyo ni sauti kubwa kwa sebule. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu: wati 2 ni 90, wati 4 ni 93, wati 8 ni 96. Kochi langu liko kama mita mbili na nusu kutoka kwenye spika. Siku za kawaida nasikiliza kwa wati mbili, tatu. Ndiyo maana nilichukua amplifaya ya mtumba ya wati 45 kila upande na nafasi ikabaki.

Kabla ya kuamua nilikuwa na majina matatu mengine kwenye karatasi. Edifier R1280T nilizisikia kwa rafiki yangu Kinondoni. Hizo zina amplifaya ndani, jumla wati 42, unachomeka simu au kompyuta kwa waya na kazi imeisha. Kwa chumba cha kulala au meza ya kazi ningemshauri mtu azichukue bila kufikiri mara mbili, na kwa bei yake sauti ya mtu inatoka vizuri kuliko unavyotegemea kwa wufa (spika ya sauti nene) ya inchi nne. Mimi nilisita kwa sababu ya umeme wetu. Amplifaya ikiwa ndani ya spika, siku umeme umerudi kwa kishindo ukaiunguza, spika zote mbili zinakuwa mapambo mpaka umpate fundi. Spika isiyo na umeme ndani yake haina cha kuunguzwa na TANESCO. Kinachoungua ni amplifaya, na amplifaya unabadilisha.

Wharfedale Diamond 12.1 na KEF Q150 ni za Waingereza, zote zina sifa nzuri na nisingejuta kuzipata. Kilichonikwaza ni tundu la besi. Spika nyingi ndogo zina tundu linalotoa hewa ili kuisaidia besi, na kwa hizo mbili tundu liko mgongoni. Ukizisogeza karibu na ukuta besi inavimba, kwa hiyo zinataka nafasi nyuma yake, na sebule za Msajili ni nyembamba, kila sentimita ina mwenyewe. B6.2 tundu lake liko mbele, chini ya wufa. Hilo peke yake lilimaliza nusu ya mjadala.

ELAC ni kampuni ya Kiel, Ujerumani, imekuwepo tangu 1926. Spika za Debut zilitoka 2015, na aliyezichora ni Andrew Jones, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi KEF na baadaye Pioneer. Toleo la 2.0 likafuata 2018, nalo ni lake. Lengo lilikuwa spika ya bei ya chini iliyopimwa kwa umakini wa spika ya bei kubwa, na jozi ya B6.2 ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa chini ya dola 300. Ndani ya boksi kuna wufa ya inchi sita na nusu ya nyuzi za aramidi zilizofumwa, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ya kitambaa ya inchi moja. Krosova, saketi inayotenganisha sauti nene na nyembamba, inawagawia kazi kwenye hezi 2200 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa michache, sauti ni nene). Hazina urembo. Ni maboksi meusi yenye wavu, mgeni akiingia hazitazami.

Kariakoo sikuzipata. Shemeji yangu anayefanya kazi Dubai alikuwa anarudi likizo, akanibebea. Kila spika ina kilo saba na nusu hivi, kwa hiyo jozi nzima na boksi lake ilikula nusu ya mzigo wake wa ndege, na deni hilo bado nalilipa kwa pweza na urojo kila akija mjini.

Sauti, sasa. Kitu cha kwanza nilichofungulia ni rekodi ya zamani ya dansi, ya mono. Nawashauri wote mfanye hivyo. Rekodi ya mono inatoa kitu kile kile spika zote mbili, kwa hiyo kama spika zinafanana na zimekaa sawa, bendi nzima inasimama katikati, pale ambapo hakuna spika. Ikiegemea upande mmoja, ama umekaa vibaya ama spika moja ina tatizo. Sauti ikiwa imetawanyika haieleweki inatokea wapi na besi imekonda, angalia nyaya: moja imepishanishwa nyekundu na nyeusi. Kwangu bendi ilisimama katikati, juu kidogo ya televisheni, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba rithim alikuwa na lake la kusema, hakuwa anasindikiza tu.

Kwenye taarabu ndipo zilipoonyesha kazi. Fidla zikiwa nyingi kwenye spika rahisi huwa zinakata masikio, unaishia kupunguza sauti. Hizi hazing'ati. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inasikika kila uzi unapokwanyuliwa, na dufu lina ngozi, si kishindo tu. Mtu aliyezoea sauti za juu zilizokolezwa atasema zimefifia, na mwanangu ndivyo alivyosema. Baada ya wiki kadhaa akaacha kusema.

Kisomo ni mtihani mkali zaidi kuliko muziki wowote, maana ni sauti ya mtu mmoja, hakuna ala ya kujifichia. Boksi la spika likiwa jepesi lenyewe linaimba, na msomaji anakuwa kama yuko ndani ya pipa. Hapa msomaji ana kifua, ana pumzi, na vituo vyake vinasikika ni vituo.

Besi? Kwa maandishi zinashuka hadi hezi 44. Uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41, kwa hiyo karibu gitaa lote unalipata, na kuta za sebule ndogo zinaongezea kidogo. Ila ile besi ya singeli au amapiano inayokugonga tumboni usiitegemee. Wufa ya inchi sita na nusu haina hewa ya kutosha kusukuma, na ukiilazimisha itaanza kulalamika. Kuna watu watahitaji kuongeza sabufa hapo, na si dhambi.

Lakini haya yote nusu yake ni chumba. Sebule zetu za pwani zina vigae chini, plasta ukutani, saruji juu, na madirisha makubwa. Simama katikati upige kofi moja: ukisikia mlio unaorukaruka kabla haujafa, jua spika yoyote utakayoiweka humo, ya laki tano au ya milioni tano, itapiga kelele. Nilitandika zulia nene kati ya kochi na spika, mke wangu akabadilisha mapazia mepesi akaweka mazito yanayogusa sakafu, na kabati la vitabu likahamia ukuta wa nyuma ya kochi. Tofauti iliyokuja na zulia ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote niliyoisikia kati ya spika na spika, na lilikuwa la bei ndogo kuliko vyote. Muuzaji hatakwambia hili kwa sababu hauzi mazulia.

La pili ni mahali pa kuziweka. Ukizipanga ndani ya kabati la televisheni, kabati lote linageuka ngoma. Nilikwenda Keko nikamwambia fundi seremala anitengenezee stendi mbili za mbao, sentimita 65, ili twita ije usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Nguzo ni tupu ndani, nikajaza mchanga mkavu ili zisitikisike. Mchanga wa ujenzi, si wa baharini, maana ule una chumvi inayovuta unyevu na kula misumari. Spika na spika zimeachana mita mbili, zimegeuzwa kidogo kuelekea kochi. Wavu sijauvua, kwa sababu ya wajukuu. Twita ya kitambaa ikibonyezwa na kidole mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Nyaya msidanganywe. Kuna waya wa spika unaouzwa kwa mbwembwe kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, rudisha. Mimi nimetumia waya wa shaba wa milimita 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, ule laini wa nyuzi nyingi, na hauna mpinzani kwa mita nne ninazohitaji. Huku pwani ncha za shaba zinashika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo mara moja moja nazikata nachuna upya.

Amplifaya za mtumba za Kijapani ni nzuri sana, ila soma kibati kabla hujatoa hela. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe zinatumia volti 100, na ukizichomeka kwenye 230 yetu zinakwisha papo hapo. Angalia pia omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme: B6.2 ni omu 6, na zipo amplifaya zilizoandikwa nyuma 8 kwenda juu tu, hizo ziache. Jingine ambalo wengi hulielewa kinyume: amplifaya dogo likikamuliwa mpaka linachafua sauti linaunguza twita upesi kuliko kubwa linalotumika kwa adabu. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza hapo hapo.

Wanaotafuta spika za mtumba badala ya mpya waangalie ule ukingo unaozunguka koni, yaani ile sehemu ya wufa inayotikisika. Wa sponji hukatika vipande baada ya miaka, na unyevu wa Dar hauusaidii. Wa mpira hudumu, na hizi ni za mpira. Bonyeza kwa kidole taratibu. Ukibaki na unga mweusi kidoleni, mwombe muuzaji radhi uondoke.

Kama sebule yako ni ya mita tatu kwa tatu, au umepanga chumba na sebule, B6.2 ni kubwa kuliko unavyohitaji. Zina karibu sentimita 38 kwenda juu na kina cha kama 27, na stendi zake zinakula njia. B5.2 ni mdogo wake, wufa ya inchi tano na robo, tundu mbele vile vile, zinashuka hadi hezi 46. Chukua hizo, na chenji inayobaki nunua zulia.