Kibebeo cha kangaruu: nimekivaa wiki sita

Nilikiagiza mtandaoni kwa shilingi 28,000, boda akakileta hadi getini kwa hospitali. Ni cha kumbebea njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani ngozi kwa ngozi, kama kangaruu na mwanawe: kitambaa cha kijivu kinachovutika, mfano wa fulana isiyo na mikono. Unakivaa kwanza, mtoto anaingia kwa juu. Kwenye picha ya muuzaji kuna bonge la mtoto wa miezi minne. Wetu alikuwa na gramu 1,460.

Alizaliwa wiki ya 32. Mama mkwe alihesabu kwa vidole, akafika minane, akanyamaza. Nilijua anawaza nini: mtaani wanasema wa miezi saba huishi, wa minane haishi. Si kweli, kila wiki anayoongeza tumboni humzidishia nguvu, lakini neno likishakuingia halitoki kwa hesabu. Siku ya tatu uzito ukashuka hadi 1,390. Nesi akasema wote hushuka mwanzoni. Mke wangu aligeukia ukutani, akaendelea kukamua maziwa kwenye kikombe huku machozi yanamtoka. Mimi nikajifanya mwanamume wa kulipa bili na kufuata dawa. Simu za pongezi sikupokea. Jina sikumpa.

Nesi ndiye aliyenikamata koridoni: "Baba, vua shati. Mama naye alale."

Nepi, kofia, soksi, basi. Kifua kwa kifua, kichwa kimelazwa upande ili apate hewa. Vidole vyake vya miguu vilikuwa baridi kama vya samaki. Baada ya muda sikuvihisi tena, vimekuwa joto langu. Njiti husahau kupumua, kwa hiyo nilihesabu pumzi zake usiku kucha. Hofu haikuisha, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. Usiku wa pili nikampa jina.

Njia yenyewe ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona mashine za joto hazitoshi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa nane ni zamu nzima ya kazi, na mama mwenye kidonda cha upasuaji hawezi kuimaliza peke yake. Hapo ndipo kibebeo kinapolipa.

Sasa kasoro. Saizi L yao ni ya mtu mwingine: mtoto aliteleza mpaka karibu na kitovu, nikashtuka vibaya. Fundi cherehani alikibana kwa shilingi 3,000. Joto la Dar la Februari kinalihifadhi lote, utatoka jasho kama mchoma mishikaki, na kikifuliwa kinachukua siku nzima kukauka. Baada ya kufuliwa mara kumi hivi, kikalegea tena.

Mke wangu alikijaribu mara moja akarudi kwenye khanga yake, anayoikaza apendavyo. Wodi nzima akina mama walifunga khanga au kitenge, na watoto waliongezeka uzito vilevile. Kwa hiyo mama asipoteze hela. Mimi khanga ilinishinda kufunga, na kusema kweli niliona aibu kukatiza nayo koridoni.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiagiza, pima kifua kwa futi ya fundi, agiza viwili, na picha yao usiiamini.